Kioo Hakina Ulimi

Kwanza niseme hili tusije tukazungushana: Florence nilimleta kazini mimi. Si injinia, si Mzee Mwinyihaji. Ni mimi Mwanarehema wa Mjambere, niliyemkuta akifua nguo za watu, vidole vimechubuka kwa sabuni, nikamwambia, "Kesho nifuate, kuna kazi ya kuosha vioo." Kwa hivyo mwenye kutaka kunihukumu na aanze na huo wema, halafu ndio aendelee.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Upande wa Bamburi kuna shimo kubwa la machimbo, mawe yake yalishachimbwa zamani yakaisha. Humo kampuni moja ikapanga sola, safu arubaini, zimelala zikitazama juu, na kando yake ikajenga nyumba ya betri. Umeme ule hauji kwetu, msijidanganye. Sisi stima ikipotea tunawasha mshumaa na kumshukuru Mungu. Umeme ule unakwenda kiwanda cha chupa, ng'ambo ya barabara, kilichoacha kuchoma mafuta kikanunua tanuri la stima. Tanuri hilo halizimwi mwaka mzima. Likipoa, kioo kilichoyeyuka ndani huganda, na tanuri lenyewe huwa si tanuri tena.

Basi kampuni ya sola ikatia saini kwamba itatoa umeme wa kijani, usio na moshi, na usiokatika hata dakika moja. Wanunuzi wa chupa huko Ulaya ndio waliotaka, wao hawanunui tena chupa iliyopikwa kwa mafuta. Mimi chupa sijawahi kuionja nikajua imepikwa kwa nini, lakini mwenye kununua hana makosa.

Adui wa sola ni vumbi, na upande ule vumbi ni la saruji na la mawe, likikaa siku tatu kioo kinakuwa kama uso wa mwokaji mikate. Hapo ndipo tulipoingia sisi. Wanawake kumi, kila mmoja na safu zake nne, na kibao chenye jina lake kimepigiliwa mwanzo wa safu. Hakuna aliyegusa safu ya mwenziwe. Tulianza alfajiri, kwa sababu maji ya baridi yakikutana na kioo kilichoshika jua, kioo hupasuka. Bauza, lori la tangi la maji matamu, lilikuja kabla yetu, na kila mwanamke akajaziwa mapipa mawili. Yaliyobaki kwenye pipa lako ukimaliza, ruhusa uende nayo nyumbani. Hiyo ilikuwa ada ya pale tangu siku ya kwanza, na askari wa langoni akitusaidia hata kujitwika.

Mtu wa Kisauni hahitaji kuelezwa maana ya maji matamu. Visima vyetu ni chumvi. Chai yake unaitia sukari na bado inakukasirikia.

Pale shimoni pia kulikuwa na kisima. Na siku ya kwanza kabisa injinia Jacktone, kijana wa bara, mrefu, mwenye haraka zake, alitukusanya sisi sita wa mwanzo akatuambia, "Mama zangu, maji ya kisima marufuku. Chumvi inashika kioo, haitoki." Kisha akanigeukia mimi, kwa vile ndiye niliyeonekana nina umri na mdomo. "Wakija wengine, mama Mwanarehema, utawaambia." Nikasema sawa. Florence alikuja mwezi wa pili, yeye na wenzake watatu. Wale watatu niliwaambia. Florence siku hiyo alikwenda kumchukulia mavyaa yake dawa za presha, na kesho yake nikasahau. Wallahi mwanzo nilisahau tu. Kusahau si kosa.

Sasa sikizeni lililoniudhi. Ndani ya ofisi ya injinia, ambayo ni kontena lililotobolewa madirisha, kuna kompyuta inayoonyesha kila safu imetoa umeme kiasi gani. Miezi mitatu safu zangu ndizo zilizokuwa juu. Mwezi wa nne Florence akanipita. Mwezi wa tano akanipita tena. Yule mwanamke alikuwa akiosha sola kama anayeogesha mtoto wa siku saba, kwenye pembe, kwenye chuma, kila pahali, kisha anakausha kwa leso yake mwenyewe. Kila akimaliza alikuja kuniuliza, "Dada, nimefanya vizuri?" Nami namjibu, "Si haba."

Halafu ikaja habari ya nyapara. Kampuni ilitaka mmoja wetu awe nyapara wa waoshaji, kazi ya kudumu, na bima ya hospitali yeye na watu wake. Kila mtu alijua ni yangu. Mimi ndiye niliyefungua lango lile. Mzee Mwinyihaji, mkuu wa vibarua, mtu mzima wa Likoni, mcha Mungu, akaniita pembeni.

"Mwanarehema, nisikufiche kitu. Injinia amemtaja Florence."

"Florence yupi?"

"Unamjua wangapi?"

Nilirudi kwenye safu zangu nikiwa sioni mbele. Mimi nimpigie magoti mtu niliyemtoa kwenye karai la kufulia? Aje aniambie mimi, mwenyeji wa pale, "Dada, hapa hujapangusa vizuri"? Kweli asante ya punda ni mateke. Na lililonichoma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa akiimba nyimbo zake za kanisani, anakausha kioo.

Asubuhi ya Jumatatu nikamkuta amesimama kwenye kisima, ndoo mkononi, anatazama chini.

"Shikamoo dada," akasema. Nimemzidi miaka minane tu, lakini hakukosa shikamoo hata siku moja.

"Marahaba. Wataka kujitupa?"

Akacheka. "Nataka ushauri wako. Mavyaa amezidiwa. Daktari amesema maji ya chumvi asiyaguse tena, hata ya kupikia. Na huku nyumbani ya mfereji yana mwezi hayajatoka. Hapa ninamwagia vioo mapipa mawili ya maji matamu, nabakiwa na nusu mtungi. Nikiosha kwa haya ya kisima, nikakausha sawasawa nikakaza, kuna kitu kitaharibika?"

Hapo ndipo. Neno lilikuwa mdomoni, marufuku, neno moja, hata pumzi kubwa halitaki. Nikalimeza. Tena nilijua ninalimeza, msije mkasema shetani. Nilimtazama nikaona bima ya hospitali, nikaona kibao kipya chenye jina lake kwenye kontena, nikasema kwa uso mkunjufu:

"Mwanangu, kioo hakina ulimi. Kitajuaje ni matamu au ni chumvi?"

Akacheka tena, akaniombea baraka. Siku hiyo alitoka na mitungi miwili imejaa, mmoja kichwani, mmoja mkononi, na askari akamfungulia lango.

Nilichotaka mimi ni kidogo. Nilitaka safu zake zishuke, injinia azione zimeshuka, basi. Ashuke nafasi mbili tatu, nipate changu, kisha nimwambie mwenyewe, "Florence, rudi kwenye maji matamu." Hiyo ndiyo iliyokuwa nia yangu. Lakini wiki ya kwanza hazikushuka sana, kwa vile alikuwa anakausha kama mwendawazimu. Wiki ya pili zikaanza. Kwa mbali vioo vyake vilikuwa vinang'aa, ukivisogelea unaona ukungu mweupe, mwembamba, kama wa sufuria ya chai iliyokaa. Yeye akadhani ni vumbi, akazidisha maji. Kadiri alivyosugua ndivyo alivyopaka. Nilikuwa nikipita na brashi yangu namwona anavyotoka jasho, nikasema moyoni, sugua, mwanangu, sugua.

Injinia Jacktone naye wiki hizo hakuwa na macho ya kompyuta. Alikuwa anatayarisha wageni. Wanunuzi wa chupa walikuwa wanakuja kutoka Ulaya kuona kwa macho yao chupa isiyo na mafuta, na wakiridhika, mkataba unakuwa wa miaka kumi na mitano. Watu wakapaka rangi mawe ya njiani. Tukapewa fulana za kijani.

Siku mbili kabla yao kukawa na mawingu. Mawingu si ajabu, betri ziliwekwa kwa ajili hiyo. Ila betri hujazwa, hazijijazi. Na sola, kama injinia alivyotueleza baadaye, zimefungwa kwa kamba moja kama punda wa mkokoteni, mmoja akilegea, wote huenda kwa mwendo wake. Safu nne za Florence zilizivuta zile zilizofungwa nazo. Saa tisa alasiri, wageni wamo kiwandani wamevaa kofia nyeupe, wanapiga picha chupa zikitoka nyekundu kwenye tanuri, betri zikakata. Chupa zikakwama kwenye vyombo vyake. Tanuri likaanza kupoa. Wakahangaika dakika kumi na moja, kisha ikabidi waliwashe jenereta la zamani la mafuta, na likatoa moshi mweusi uliosimama juu ya kiwanda mpaka ukaonekana Kiembeni. Wageni nao wakaupiga picha.

Mimi nilikuwa langoni na fulana yangu ya kijani.

Kesho yake injinia alishuka shimoni na kompyuta ndogo mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye safu ya tisa. Akakwaruza kioo kwa ukucha, akatia ukucha mdomoni. Akatema mate. Kisha akasoma kibao, na akaita kwa sauti ndogo sana, "Florence."

Tuliingia kontenani wanne: injinia, Mzee Mwinyihaji, Florence, na mimi, kwa sababu mimi ndiye wa zamani na nilitakiwa kama shahidi wa taratibu za kazi. Injinia alionekana hajalala. Akasema makao makuu yamempigia tangu alfajiri, wanauliza jambo moja tu. Ikiwa umeme ulikatika kwa uzembe wa kampuni, mkataba umekufa, na watu wote pale shimoni wanakwenda nyumbani, pamoja na yeye. Ikiwa ulikatika kwa hujuma, mtu ameharibu mitambo kwa makusudi, basi mkataba wenyewe unasamehe hilo, ila polisi lazima waingie na mtu apatikane.

"Sasa nakuuliza, mama Florence," akasema. "Uliosha na maji ya kisima?"

"Niliosha," akajibu Florence. Hakujaribu hata kuzungusha.

"Na yale matamu ukayapeleka wapi?"

"Nyumbani. Mavyaa yangu ni mgonjwa."

"Ulijua ni marufuku?"

"Sikujua. Niliuliza, nikaambiwa hayana neno."

"Na nani?"

Florence akanitazama. Hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama kama mtu aliyekuwa anasubiri niseme mwenyewe, nimrahisishie. Nilitazama kalenda ukutani.

"Dada Mwanarehema," akasema. "Pale kisimani. Aliniambia kioo hakina ulimi."

Injinia akaweka kalamu chini. Nikaona amekereka, na nikaelewa kwa nini. Mimi ndiye aliyenikabidhi lile katazo. Kama nilimwambia Florence aoshe, basi ni kampuni iliyomwambia aoshe, na huo ndio uzembe wenyewe. Yule kijana hakutaka iwe kweli, kama mimi nisivyotaka. Tulikuwa wawili upande mmoja na hatujasema neno.

"Mama Mwanarehema," akasema polepole, "hebu jibu."

"Mimi?" nikasema. "Mimi nimwambie aoshe kwa chumvi, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukataza? Nilimwambia ni marufuku siku aliyofika. Mtu akishikwa hushika chochote."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Mzee Mwinyihaji, na alimaanisha Florence, maskini. Alikuwa akimtikisia kichwa yeye.

Florence akaniangalia tena. Kisha akasema, "Aape."

"Vipi?" akauliza injinia.

"Kwetu Ganze babu yangu ndiye aliyekuwa akiapisha watu. Kiapo cha shoka la moto, linalomchoma mwongo peke yake. Nikiwa mdogo nimewaona watu wazima wakikiri njiani, hata uwanjani hawajafika, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuapa uongo akarudi kufia kwa watoto wake. Dada ni mtu wa dini. Tangu nimjue hajakosa sala. Akiapa kwa kitabu chake kwamba hakuniambia, mimi nitaandika lolote mnalotaka niandike."

Injinia akamtazama Mwinyihaji. Mwinyihaji akajikohoza. "Kiapo si mchezo, Mwanarehema. Una udhu?"

Nikasema sina. Akaniambia niende nikatawadhe, yeye atauchukua msahafu kwenye kibanda cha kusalia.

Niliogopa. Hilo silifichi. Pale kwenye pipa langu nilikosea hesabu ya kuosha, nikaanza upya. Niliziona safu zake zile nne zimekauka nyeupe juani. Nikawaza, rudi ndani useme, nilimwambia, nilikuwa namtania. Kisha nikawaza maneno yatakayofuata: alimwambia kwa nini, naye katazo alilijua? Mimi ndiye ningekuwa hujuma. Mimi ndiye ningeingia gari la polisi mbele ya wanawake tisa. Nikajiambia kiapo kina kafara yake, nitafunga siku tatu. Najua, najua, kiapo cha uongo cha makusudi hakifutwi na kafara, msinifundishe dini yangu. Hata pale nilijua.

Mzee Mwinyihaji alishika msahafu kwa mikono miwili, nikaweka wangu wa kulia juu yake. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuponyokea, maneno ya pembeni pembeni, lakini mzee yule ameapisha watu wengi. Akanipa ya kwake, moja moja, nimfuate.

"Wallahi, billahi, tallahi."

"Wallahi, billahi, tallahi."

"Sikumwambia Florence aoshe kwa maji ya kisima."

"Sikumwambia Florence aoshe kwa maji ya kisima."

"Wala sikumruhusu, kwa neno wala kwa ishara."

Florence alikuwa ananitazama mdomoni, uso wake umetulia kabisa, hana wasiwasi hata chembe. Alikuwa na hakika nitashindwa. Ile hakika yake ndiyo iliyoniudhi. Nikayasema yale maneno wazi, kwa sauti ya mtu mwenye haki yake.

"Wala sikumruhusu, kwa neno wala kwa ishara."

Nilitarajia apige kelele. Nilijitayarisha kwa kelele, nilikuwa na majibu yake. Badala yake alikaa anatazama magoti yake, anakunja na kukunjua pindo la leso. Nilimwona anatafuta kitu kichwani mwake, anakwenda na kurudi, anakitafuta, hakipati.

"Basi ni mimi," akasema mwishowe. "Itakuwa nilijisemesha mwenyewe. Siku zile sikuwa nalala, nauguza. Mtu asipolala husikia mambo."

Injinia Jacktone akamsogezea karatasi haraka kabla hajamaliza. Akaandika anachosomewa: kwamba alilijua katazo, kwamba alibeba maji ya kampuni, kwamba aliharibu mitambo akijua. Neno la akijua aliuliza maana yake hapo, injinia akamwambia ni namna ya kuandika tu. Akatia saini.

Mambo ya korti yalikwenda upesi, kwa vile alikiri. Sheria ya kuharibu mitambo ya umeme haina huruma, akapewa miaka minne. Kampuni ilibaki na mkataba, na wageni wakaandikiwa barua nzuri. Mavyaa yake hakuumaliza mwezi ule. Mimi ndiye nyapara sasa, na bima ninayo, na safu ya tisa imewekwa vioo vipya. Mkiniuliza kama ninalala, ninalala.

Lakini siku ile ile, polisi walipokuja kumchukua, wanawake wote walikuwa wamesimama pembeni na brashi zao. Akafika kwenye mlango wa gari akakataa kuingia. Askari akamsukuma, akashika chuma cha mlango. Nilijua sasa ndiyo anatoa yale yaliyomjaa. Akaomba aachwe aseme na mimi kidogo. Wakamwacha.

Akaja mpaka mbele yangu, akapiga magoti kwenye mchanga ule mweupe, akanishika mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti.

"Dada, nimekuapisha bure," akasema. "Wewe uliyenipa kazi. Kwetu mtu akimwapisha asiye na kosa, laana inarudi kwake na kwa watoto wake. Mimi nina watoto wawili pale nyumbani, na mavyaa mgonjwa. Usiniache niende nayo. Sema umenisamehe, watu wote wasikie."

Wanawake wakawa wananitazama mimi. Mzee Mwinyihaji akasema kwa upole, "Msamehe, Mwanarehema, kusamehe ni kwa muungwana."

Nikamwambia nimemsamehe.